Mteremko wa Nukta Mbili

Wanafunzi walimwita Mteremko, naye alijua, ila akajifanya hajui. Jina lenyewe alijitafutia. Huwezi kusimama mbele ya darasa miaka nenda miaka rudi, chaki mkononi, ukiimba mteremko, mteremko, halafu utegemee watoto wakuite Simba. Akikatiza uwanjani wakati wa mapumziko, sauti ilitoka nyuma ya vyoo: "Jamani, Mteremko anapanda!" Kisha kicheko. Yeye alinyoosha tai akaendelea na safari yake, maana nyumbani alikuwa na mtu wa kumcheka vizuri kuliko wao wote.

Mtu huyo alikuwa mkewe, fundi wa cherehani, mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyeshona sare za nusu ya mtaa katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mume alimwita Fundi, naye alimwita mumewe Mwalimu, na wakigombana ndipo heshima ilipozidi. "Fundi, naomba chumvi." "Chumvi itafute kwenye hesabu zako, Mwalimu." Chumba kile kilijaa vipande vya vitambaa, nyuzi na pini. Pini zilikuwa kila mahali, kwenye mto wa kiti, kwenye zulia, na siku moja kwenye mkate. Fundi alizibana mdomoni akiwa anampima mteja, na bado aliweza kusengenya jirani mzima mzima bila kumeza hata moja.

Kitu ambacho hakuwa na utani nacho ni nguo za mumewe. Fundi mwingine hakuruhusiwa kuzigusa, hasa yule bwana wa kona ambaye, kwa maneno ya Fundi, alishona upogo kama mtu anayefukuzwa na mbwa. "Siku nikikuona umevaa mshono wa yule bwana," alimwambia mumewe, "ujue tumeachana." Lakini mganga hajigangi. Nguo za wateja zilitoka kwa wakati, za Mwalimu zikangoja zamu isiyofika. Suruali yake mpya ya kijivu, aliyokatiwa kwa ajili ya sherehe ya kumuaga kazini, ilikaa na pini kwenye pindo muda mrefu hata akaivaa hivyo hivyo kwenda nayo shule. Alipochuchumaa kuokota chaki alitoa yowe ambalo darasa lile halijalisahau.

Hesabu ilipoanza, hata hivyo, hakuna aliyecheka. Swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa la dawa. Mgonjwa amemeza kidonge. Kiasi cha dawa katika damu yake kinapanda, kinafika kileleni, kisha kinashuka kadiri figo zinavyoitoa. Alichora kilima hicho ubaoni, mkono mmoja mgongoni, halafu akageuka. "Sasa hivi dawa ni kiasi gani? Hilo hata mpita njia atakujibu, anasoma tu kwenye mstari. Mimi nauliza inabadilika kwa kasi gani, papo hapo, wakati huu ninapozungumza. Kiasi kinakwambia uko wapi. Mteremko unakwambia unakwenda wapi." Upande wa kupanda mteremko ni chanya. Kileleni ni sufuri, maana kwa kufumba na kufumbua dawa haipandi wala haishuki. Upande wa pili ni hasi, dawa inatoka, mwili unafanya kazi yake. Kila mwaka mgonjwa wa ubaoni alipona, kengele ikagongwa, watoto wakaenda kula.

Na kila mwaka hawakukosekana wavivu. Badala ya kutafuta mteremko wa papo hapo kwa kanuni aliyowafundisha, walichagua nukta mbili zilizo mbalimbali kwenye kilima, wakaziunganisha kwa rula, wakaleta jibu kifua mbele. Hao aliwapitishia kalamu nyekundu bila huruma. "Nukta mbili si mteremko!" alifoka. "Huu ni wastani wa uvivu wako. Zisogeze, zisogeze tena, mpaka zikaribie kugusana, ndipo uniletee neno. Na kabla ya yote ujiulize, nukta zenyewe zimetoka wapi?" Sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka uliofuata walikuja wengine na rula zao.

Basi, kilichowaingilia nyumbani mwao kilikuwa pini. Fundi alikuwa na kisukari cha siku nyingi, na nyayo zake zilishakufa ganzi. Pedali ya cherehani aliikanyaga kwa mazoea tu. Pini iliyodondoka zuliani ikamwingia unyayoni, naye akashona nayo hana habari, mpaka mdogo wake wa kike aliyekuja kumsaidia kazi alipoona damu sakafuni akauliza ni ya nani. Walisafisha, wakafunga kitambaa, wakacheka. Kidonda hakikucheka. Mguu ulivimba hadi gotini, homa ikapanda, na walipomfikisha hospitali alikuwa akimwita mumewe kwa jina la baba yake aliyekwisha kufa.

Wakampa kitanda cha karibu na dirisha lisilofungika, kwenye wodi yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na hakuzunguka mbuyu. Sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Figo zimechoka. Mashine ya kusafisha damu waliijaribu mara moja, moyo ukashindwa kuihimili, wakaizima haraka. Imebaki dawa kali ya dripu ya kuua vijidudu, nayo ina masharti yake, kwa sababu inatolewa mwilini na figo. Figo zikiitoa, mgonjwa ana nafasi. Zisipoitoa, inarundikana na kuzimaliza kabisa.

"Kwa hiyo tutapima damu, Mwalimu," daktari alisema. "Tuone dawa inashuka au haishuki. Ikishuka, ujue figo bado zinapigana."

Maisha yote ya Mwalimu swali lile lilikuwa na mgonjwa asiye na uso wala mtu wa kumlilia. Sasa mgonjwa wa swali alikuwa mke wake, na yeye hakuwa na chaki.

Damu ya kwanza ilitolewa mchana, yeye akiwa ameketi pale pale kwenye benchi. Dripu ilikuwa mkono wa kushoto, dawa ikidondoka tone kwa tone. Nesi alikuja na sindano yake, akaushika mkono wa kulia. Fundi, ambaye homa ilikuwa imemwachia kidogo, akauvuta mkono chini ya shuka.

"Huo hapana, mwanangu."

"Mama, ni kidogo tu, hata husikii."

"Huo ndio wa mkasi. Ukivimba nitakatia nini? Chukua huku kushoto, si mmeshautoboa tayari?"

"Kushoto kuna dripu, mama."

"Na mimi nina sare za watu. Shule zinafunguliwa. Chukua huku huku."

Nesi alimtazama Mwalimu amsaidie. Mwalimu akacheka, kicheko cha kwanza tangu walipoingia hospitalini pale. Kumbe bado ni yeye, alijisemea. Mtu anayebishana na sindano hawezi kuwa anakufa. "Humuwezi huyu, sista," alisema. "Hata mimi nimeshindwa tangu nimuoe. Chukua anakotaka." Wagonjwa wengine walikuwa wakimwita nesi kila upande. Akatafuta mshipa wa mkono wa kushoto, juu kidogo ya pale dripu ilipoingia, akavuta damu, akaenda zake.

Majibu yalikuja arobaini na moja. Daktari alikunja uso, akasema dawa imezidi mno, akaisimamisha. Asubuhi iliyofuata ndugu wa wagonjwa walitolewa nje wodi isafishwe, na Mwalimu aliporuhusiwa kuingia alikuta damu ya pili imekwishatolewa. Hiyo ilileta ishirini na mbili.

Kutoka arobaini na moja hadi ishirini na mbili! Karibu nusu imetoka kwa siku moja! Daktari mwenyewe alitabasamu. "Ni habari nzuri," alisema, "ila tusikimbie. Kesho tutapima tena." Mwalimu alisikia sentensi ile hadi kwenye neno "nzuri", iliyobaki ikapita. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alikuwa ametupiwa kamba. Aliketi ukingoni mwa kitanda akachora kwa kidole kwenye shuka, nukta hapa juu, nukta hapa chini, na mstari mmoja ulionyooka kati yake.

"Unaona, Fundi? Hapa tulikuwa jana. Hapa tuko leo. Kwa mwendo huu wa karibu nusu kwa siku, kesho tuko kumi na mbili, keshokutwa sita. Figo zako zinachapa kazi."

Fundi aliutazama mstari usioonekana kwa jicho moja. "Wewe na hesabu zako," alisema kwa sauti ndogo. Kisha jicho likashuka hadi miguuni kwa mumewe. "Umekuja na suruali yenye pini?"

"Nyingine zote chafu. Hii nangoja fundi aimalize."

"Utangoja," alisema, akalala. Mwalimu aliona ni utani wao uleule wa kila siku, na moyo wake ukapoa.

Siku ile alitembea kwenye korido kama bwana harusi. Alimpigia simu binti yao aliyeolewa mbali akamwambia asikope nauli, mama yake anarudi nyumbani. Alimwambia shemeji yake afagie chumba cha mbele, aokote pini zote kwa sumaku, aitie cherehani mafuta. Shemeji alifanya yote, na wateja waliofika kuulizia sare akawaambia wavumilie siku chache, fundi wao yuko njiani. Mmoja alimletea mgonjwa machungwa. Jioni Mwalimu alioga, akanyoa ndevu, akala sahani nzima ya wali. Miaka yote ile ya kufundisha, alifikiri, haikuwa ya bure. Leo imemwambia kitu ambacho watu wengine wangekisubiri kwa kuomba na kulia.

Damu ya tatu ilileta ishirini na moja na nusu.

Daktari alimwita kwenye chumba chake kidogo, akamwondolea mafaili kwenye kiti akae. Alikuwa ameziandika namba zote tatu kwenye karatasi, na alizitazama kama mtu anayetazama ufunguo usioingia kwenye kufuli yake mwenyewe.

"Dawa haishuki, Mwalimu. Toka jana ni kama imeganda. Lakini kinachonisumbua ni hiki: juzi hadi jana imeshuka kwa kishindo, halafu ghafla ikasimama. Figo zikichoka, huchoka polepole. Haziendi hivi."

Mwalimu aliinamia karatasi. Hakuhitaji kuchora, kilima alikuwa nacho kichwani tangu ujana wake. Dawa inapotoka damuni hutoka kwa kasi kubwa ikiwa nyingi, na kasi hupungua kadiri yenyewe inavyopungua, taratibu, bila kona. Namba hizi zilikuwa na kona kali ya kumkata mtu. Nukta mbili za mwisho zilikubaliana. Ya kwanza ilikaa peke yake huko juu, haina ndugu. Na yeye ndiye aliyeifunga kwa mstari, yeye wa kalamu nyekundu, wala hakuuliza imetoka wapi.

"Damu ya kwanza," daktari alisema polepole, "ilitolewa mkono upi? Nesi wa zamu ile hayupo. Wewe ulikuwepo?"

Angeweza kusema hakumbuki. Kwa muda mfupi kabisa alitaka kusema hivyo, kwa sababu maadamu hajajibu, bado ile arobaini na moja ilikuwepo, na Fundi alikuwa anashuka kutoka huko kuja nyumbani.

"Wa kushoto," alisema.

"Wenye dripu?"

"Wenye dripu. Dawa ilikuwa inadondoka. Mimi ndiye niliyemwambia nesi achukue huko."

Daktari alifunika macho kwa viganja. "Basi tulipima dawa iliyokuwa inaingia," alisema. "Arobaini na moja haikuwahi kuwemo mwilini mwake. Pengine siku ile ile alikuwa kwenye hiyo hiyo ishirini na mbili."

"Kwa hiyo haijashuka."

"Haijashuka, Mwalimu. Figo hazitoi kitu."

Aliuliza kuhusu mashine, akaambiwa tena kuhusu moyo. Aliuliza kuhusu dawa nyingine, akaambiwa nyingine nazo zinapita huko huko. Akauliza kama wangejua jana kungekuwa na tofauti, na hilo ndilo daktari alilojibu haraka kuliko yote. "Hapana. Tofauti ni kwamba ningekwambia jana, basi." Sasa, alisema, watamtunza asiumie. La kuvunda halina ubani, lakini daktari yule hakuwa na ukatili wa kulitamka, alimshika tu bega mzee akamwacha akae kadiri anavyotaka.

Hakukaa. Alitoka kwenye korido akasimama karibu na ndoo ya kudekia, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Hakumkasirikia nesi. Alijikasirikia mwenyewe, na kicheko chake cha siku ile, na machungwa, na cherehani iliyotiwa mafuta. Alifikiria simu atakayompigia binti yake.

Ndipo lilipomjia jambo jingine, dogo, akalikataa, likarudi. Damu ya pili ilitolewa mkono wa kulia, pamba yake alikuwa ameiona. Ya tatu pia. Nani aliyewapa huo mkono?

Fundi alikuwa macho. Uso ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho na midomo imekauka. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, wazi, na pamba mbili zilizobandikwa kwa plasta pale kwenye kiwiko.

"Mteremko wangu vipi, Mwalimu?"

Mwalimu alikaa. Alizilainisha pembe za shuka, akazilainisha tena. "Jana asubuhi," alisema, "walipokuja kuchukua damu. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa macho."

"Walichukua mkono wa kulia."

"Nesi aliniuliza, nikampa."

"Lakini huo ni wa mkasi, Fundi."

"Mkasi wa nini tena," alisema.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi, na ndiyo maana Mwalimu hakupata pa kujishika. Siku nzima alikuwa ameshangilia ile ishirini na mbili, akapiga simu kwa ajili yake, akala wali. Nayo ilikuwa imetoka kwenye mkono ambao mkewe alikuwa amekwisha kuuacha. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Fundi alijua asubuhi ile, kabla ya maabara, kabla ya daktari, na alimwacha mumewe achore kwenye shuka kwa sababu alikuwa na furaha.

Alilia, mzee mzima, mbele ya wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani ampe nafasi.

"Njoo karibu," Fundi alisema alipotulia. "Lete huo mguu nione pindo."

Aliuweka mguu juu ya ukingo wa kitanda kama mteja. Fundi alipapasa pindo la suruali ya kijivu, akahesabu pini kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kazi iliyolala.

"Mpelekee yule bwana wa kona."

"Simpelekei."

"Atashona upogo, lakini atashona."

"Ulisema siku nikimpelekea nguo tumeachana."

"Nilisema," Fundi alikubali. Akapumzika kidogo, pumzi zikimhangaisha. "Mpelekee hata hivyo. Usitembee na pini, Mwalimu. Mimi ya kwangu sikuisikia."

Kisha akaanza kuzichomoa, moja moja, kwa mkono wake wa kulia, akimpa mumewe azishike kiganjani. Mwalimu hakutikisa mguu. Ya mwisho ilipotoka, pindo lilishuka likafunika kiatu.